Hadithi za Kubuni za Watoto na Suala la Sihri

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Mzazi mmoja ametuletea suala ambalo tumeona halifai kujibiwa kwa mistari miwili. Binti yake mwenye umri wa miaka kumi na moja aliazima kitabu katika maktaba ya shule, nacho ni cha kwanza katika vile vya Harry Potter vilivyotungwa na Mwingereza J. K. Rowling. Alikwenda nacho madrasa ya jioni kikiwa mkobani. Ustadhi alipokiona alikitaka, akatazama jalada, akawaambia wanafunzi kwamba hicho ni kitabu cha kufundishia uchawi na kwamba anayekisoma hazikubaliwi Sala zake siku arubaini. Kisha akakichoma nyuma ya msikiti, watoto wote wakiangalia. Binti alirudi nyumbani akilia, na tangu siku hiyo hataki kwenda chuoni. Shule nayo inadai kitabu chake. Baba anauliza mambo mawili: je, kitabu kile ni haramu? Na ni nani wa kukilipa?

Tuanze na kitabu chenyewe, kwa sababu katika usuli wa fiqhi hukumu juu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo hilo. Vitabu hivi ni saba. Cha kwanza kilitoka Uingereza tarehe 26 Juni 1997 na cha mwisho mwezi Julai 2007. Vinasimulia kisa cha mtoto yatima anayeambiwa, akifika umri wa miaka kumi na moja, kwamba yeye amezaliwa mchawi kama walivyokuwa wazazi wake. Anapelekwa katika shule ya bweni ambako masomo ni kutengeneza dawa za ajabu, kuruka kwa ufagio na kugeuza vitu kwa fimbo na maneno. Adui yake ni mchawi muovu aliyewaua wazazi wake, anayetafuta kuishi milele kwa gharama ya roho za wengine. Kisa kinakwenda hivyo mpaka mwisho: wachawi wanaoitwa wema wanapambana na wachawi waovu.

Upinzani mkubwa dhidi ya vitabu hivi haukuanzia kwetu. Ulianzia Marekani, makanisani. Wakristo waliovipinga walitegemea sura ya 18 ya Kumbukumbu la Torati, inayokataza uaguzi, ulozi na kuwaomba wafu. Mwisho wa mwaka 2001 kanisa moja katika mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico, lilivichoma hadharani. Huko Cedarville, jimbo la Arkansas, bodi ya shule ilivitoa kwenye rafu, ikaamuru mtoto asipewe mpaka alete idhini ya mzazi. Familia moja ilishitaki, na mwaka 2003 hakimu wa mahakama ya shirikisho akaamuru virudishwe. Chama cha maktaba cha nchi hiyo kilipohesabu vitabu vilivyolalamikiwa zaidi kati ya mwaka 2000 na 2009, mfululizo huu ndio ulioongoza. Wakatoliki wao hawakuwa na kauli moja. Mwaka 2003 Kadinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedict wa Kumi na Sita, alimwandikia mwandishi mmoja wa Ujerumani kumshukuru kwa kuvipinga. Mwaka huo huo padri mmoja alisema mjini Vatican, mbele ya waandishi wa habari, kwamba haoni tatizo ndani yake. Na jambo halijaisha: mwaka 2019 mapadri wa Poland walivichoma pamoja na vitu vingine, kisha aliyehusika akaomba radhi, na katika mwaka huo shule moja ya Kikatoliki mjini Nashville ilivitoa maktabani, padri wake akidai kuwa maneno ya sihri yaliyomo ni ya kweli na msomaji anaweza kuita pepo wabaya kwa kuyasoma.

Kwa upande wa nchi za Kiislamu, mwaka 2002 vitabu hivi vilipigwa marufuku katika shule za binafsi za Falme za Kiarabu. Wakati huo huo vilikuwa vinafasiriwa Kiarabu na kuchapishwa mjini Cairo. Msomaji asidhani basi kwamba Waislamu wana msimamo mmoja uliokwisha kupitishwa.

Tumeeleza habari hizi kwa urefu kwa sababu moja. Maneno mengi yanayosemwa misikitini kwetu juu ya vitabu hivi ni yale yale ya makanisa ya Marekani, yaliyovikwa kanzu na kofia. Ule uvumi kwamba maneno yake ni sihri ya kweli ni mfano. Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari tunapoletewa. Aliyehakikisha ataona kuwa mengi ya maneno hayo ni Kilatini kilichokatwakatwa na mtunzi mwenyewe ili kiwachekeshe watoto wa Kiingereza. Na la kushangaza zaidi ni kwamba mtunzi ni Mkristo, na mwaka 2007 alisema waziwazi kuwa athari za dini yake zimo katika kisa. Katika kitabu cha saba mna aya mbili za Agano Jipya zilizochorwa juu ya makaburi, na shujaa anakwenda kwenye mauti kwa hiari yake ili awaokoe wenzake, kisha anarudi. Muislamu mwenye kusoma kwa macho mawili angelisimama hapo kabla ya kusimama kwenye fimbo na ufagio. Hatujamsikia khatibu hata mmoja aliyeligusia.

Je, hadithi ya kubuni ni uongo?

Wanaokataza wana hoja mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ni kwamba kisa cha kubuni ni uongo, na uongo ni haramu. Wanaitegemea Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, yenye onyo kali kwa mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Wanaitegemea pia aya ya 6 ya Surat Luqman juu ya maneno ya upuuzi, ambayo baadhi ya wafasiri wameeleza kuwa iliteremka kwa Nadhr bin Al-Harith, aliyekuwa akiwasimulia Maquraishi visa vya Rustam na wafalme wa Kifursi ili wasiisikilize Qur-ani. Kwa msingi huu Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia iliona kuwa haifai Muislamu kutunga visa vya uongo, kwani visa vya Qur-ani na Sunna vinatosha. Hiyo ni kauli ya wanachuoni, na anayeifuata hatumlaumu.

Lakini si kauli pekee. Suala hili limejadiliwa zaidi ya miaka mia nane kabla ya Harry Potter. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 516 Hijria (1122), aliandika Maqamat, visa hamsini vya mtu mmoja laghai na fasaha ambaye hakuwahi kuwako. Katika dibaji alijitetea mapema: watu tangu zamani wamesimulia visa vya wanyama na mawe yanayozungumza, na hakusikika mwanachuoni aliyesema msimuliaji wake ana dhambi; na matendo huzingatiwa kwa nia. Ibn Al-Khashshab wa Baghdad hakuridhika. Akasema hoja hiyo haimfai Al-Hariri, kwani msikilizaji wa kisa cha simba na mbweha anajua kuwa simba hasemi, kwa hiyo hadanganyiki. Ama mtu laghai anayezunguka mijini kuomba kwa ufasaha, huyo anaweza kuwako kweli, basi kumzulia habari kunafanana na uongo. Ibn Barri wa Misri akamjibu akimtetea Al-Hariri. Na umma ukaendelea kuisoma Maqamat katika vyuo vyake mpaka leo.

Tunamwomba msomaji aitafakari hoja ya Ibn Al-Khashshab, ingawa yeye ndiye aliyekuwa upande wa ukali. Kwa mujibu wake, kadiri kisa kinavyokuwa cha ajabu na kilicho mbali na mazoea, ndivyo kinavyokuwa mbali na uongo, kwa sababu hakuna anayekisadiki. Kwa kipimo hicho shule ya wachawi yenye ngazi zinazotembea haina tofauti na simba anayesema.

Na sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu ni wafuasi wa Imam Shafii, tunayo kauli iliyo karibu zaidi. Ibn Hajar Al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, ameitaja mas-ala hii katika Tuhfat Al-Muhtaj, sherehe yake ya Minhaj. Kutokana na Hadithi inayoruhusu kusimulia habari za Bani Israil, ametoa hukumu kwamba inafaa kusikiliza mambo ya ajabu yasiyo na yakini kuwa ni uongo, kwa ajili ya kujiburudisha. Kisha akaongeza: hata yale yenye yakini kuwa ni uongo, iwapo makusudio yake ni kupiga mifano, kutoa mawaidha na kufundisha mambo kama ushujaa, yawe yamesemwa kwa ndimi za watu au za wanyama. Maneno haya yamo katika kitabu ambacho masheikh zetu wanakirejea katika ndoa na mirathi. Hatuoni sababu ya kukifunga tunapofika hapa.

Na kabla ya Tuhfa iko Sunna. Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia Mtume (s.a.w.) kisa kirefu cha wanawake kumi na moja waliokaa kuwasema waume zao, ambacho Bukhari na Muslim wamekipokea, naye akamsikiliza mpaka mwisho. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliporudi kutoka safari ya Tabuk au Khaybar aliona vidoli vya Bibi Aisha, na katikati yake farasi mwenye mbawa mbili za kitambaa. Akamuuliza, farasi ana mbawa? Naye akajibu kwa kumuuliza kama hakusikia kwamba farasi wa Nabii Suleiman (a.s.) walikuwa na mbawa. Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Hakumwambia kuwa hayo ni uongo. Tunaijua Hadithi hii kwa kuwa mafakihi huitaja katika mlango wa vidoli vya watoto, lakini yule farasi wa kitambaa ana fiqhi yake pia.

Sihri: kuitaja na kuifundisha

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Sihri ni katika mambo saba yenye kuangamiza, kama ilivyo katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, na Surat Al-Baqara, aya ya 102, imeihusisha na kufuru. Imam Nawawi amethibitisha kuwa kujifunza na kufundisha sihri ni haramu. Katika hili hatuna mjadala.

Lakini kuna tofauti kati ya kufundisha kitu na kusimulia habari zake. Qur-ani imetusimulia wachawi wa Firauni na kamba zao zaidi ya mara moja. Na katika Sahihi Muslim mna kisa ambacho walimu wa madrasa wanakipenda, cha Watu wa Mahandaki. Mfalme alikuwa na mchawi, mchawi akazeeka, akaomba aletewe kijana amfundishe sihri. Kijana akaanza kwenda. Njiani akakutana na mtawa, akakaa akimsikiliza, akachelewa, akapigwa huku na huku. Siku moja mnyama mkubwa aliwazuia watu njia, kijana akachukua jiwe na kumwomba Mwenyezi Mungu, na mnyama akafa. Mtoto anayefundishwa uchawi, mnyama wa kutisha, mfalme dhalimu: vyote vimo. Kama kutaja mtoto anayesomeshwa sihri kungekuwa ni kufundisha sihri, kisa hiki kisingesimuliwa.

Hata hivyo tuseme ukweli wote. Katika Hadithi ile kijana anaiacha sihri na kuishika imani, na ushindi wake wote ni kwa dua. Katika vitabu vya Rowling hakuna dua. Uchawi ni kipaji cha kuzaliwa nacho, ni sifa ya kuonewa wivu, na wasiokuwa nacho ni watu wa kuchekwa au kuhurumiwa. Ndani yake mna sihri njema na sihri mbaya, na itikadi yetu haijui sihri njema. Mna somo la utabiri, ingawa mtunzi amemfanya mwalimu wake kuwa kichekesho. Hapa ndipo pingamizi la dini linaposimama kwa miguu yake. Mtoto hatatoka kwenye kitabu akiwa anajua uchawi, kwani hakuna cha kujua. Lakini anaweza kutoka akiwa anautamani. Mzazi asiyeliona hilo amesinzia.

Je, kutamanisha huku kunafikia uharamu? Rai yetu ni kwamba kunatofautiana kwa umri, kwa malezi na kwa mahali. Mtoto wa London hukuta mchawi kitabuni tu, kama anavyokuta joka. Watoto wetu hawako hivyo. Kwetu uchawi ni jirani anayenyooshewa kidole. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa kushukiwa kwa sababu ya macho mekundu, na kuanzia miaka ya 2006 na 2007 ndugu zetu wenye ualbino waliwindwa na kukatwa viungo ili waganga watengeneze dawa za utajiri. Mtoto aliyekulia katika khofu hiyo, akipewa kitabu kinachosema uchawi ni shule yenye michezo na karamu, anahitaji mtu mzima wa kukaa naye. Anaweza akaudharau uovu ulio mkubwa. Inawezekana pia ikawa kinyume chake, akajifunza kuwa mchawi ni mtu wa kubuniwa na mtunzi, akaacha kumwogopa bibi wa nyumba ya pili. Tumewahi kuyaona yote mawili kwa watoto tofauti. Kwa hiyo hatuwezi kutoa hukumu moja kwa kila nyumba. Msingi ni uhalali, na unaondoka pale mzazi au mwalimu anapoona kwa mtoto wake madhara yanayoonekana, si ya kukisia.

Na kabla hatujavikimbilia vya Kiingereza, tutazame rafu zetu. Shaaban Robert, Muislamu na fahari ya lugha yetu, alitunga Kusadikika, nchi inayoelea angani, mwaka 1951, na Adili na Nduguze mwaka 1952, ambamo ndugu wawili wanageuzwa manyani na jini kwa ubaya wao. Vizazi vimevisoma shuleni na hakuna ustadhi aliyevichoma. Visa vya Alfu Lela Ulela vimejaa pete na taa za majini. Na kuna lililo zito kuliko yote: tenzi kama ile ya Rasi 'l-Ghuli, zinazowataja Mtume (s.a.w.) na Sahaba zake kwa majina na kuwapa vita ambavyo wanahistoria hawavijui. Zilisomwa katika mikusanyiko ya Waislamu, na wasikilizaji wengi walizisadiki. Ibn Al-Jawzi aliandika kitabu kizima juu ya wasimulizi waliokuwa wakimzulia Mtume habari katika misikiti ya zama zake. Hatusemi tenzi hizo zitupwe, ni hazina ya lugha. Tunasema aliyeziacha zisomwe bila ya maelezo kisha akachoma kisa cha ufagio unaoruka, amepima kwa mizani iliyopinda. Uongo juu ya Mtume unaosadikiwa uko mbali sana na uongo ambao hakuna anayeusadiki.

Turudi kwa ustadhi. Zile siku arubaini alizozitaja zimo katika Sahihi Muslim, lakini ni kwa anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo. Kumlinganisha naye mtoto anayesoma kisa ni kiyasi chenye tofauti iliyo wazi, na sababu ya hukumu haipo. Ama kuchoma, huenda alitegemea aliyoyaeleza Nawawi katika Majmu, kwamba vitabu vya kufuru havina manufaa ya halali, haifai kuviuza na ni wajibu kuviharibu, na hali kadhalika vya unajimu, viini macho na elimu nyingine za batili. Lakini vitabu hivyo ni vile ambavyo mtu akivifuata atakuwa amefanya jambo lenyewe. Katika Harry Potter hakuna kinachoweza kufuatwa. Isitoshe, Imam Ghazali katika Ihyaa ameweka sharti kwamba munkari unaokatazwa uwe unajulikana bila ya ijtihadi, na tumekwisha kuona kuwa suala hili ni la ijtihadi tangu enzi za Al-Hariri.

Kwa hiyo kitabu kile kilikuwa mali ya wenyewe, chenye thamani katika sharia, na aliyekiharibu ana dhamana nacho. Baba halipi. Binti halipi. Ustadhi anunue kingine kama kile au atoe thamani yake, na akipeleke shuleni mwenyewe. Kama alikuwa na shaka, ilimtosha kukifunga na kumwita mzazi baada ya Sala ya Isha. Na ile kauli ya Sala kutokubaliwa ameisema mbele ya watoto na kuinasibisha na dini. Basi airudi mbele ya watoto wale wale, binti akiwamo, na kumleta chuoni iwe ni juhudi yake yeye kabla ya kuwa ya baba.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.